Springi Mbili na Trei Sita za Mayai

Kila asubuhi nilikusanya mayai bandani, nikayapanga kwenye trei. Trei sita. Mkwe wangu aliyafunga nyuma ya pikipiki akayapeleka kwa mwoka mikate. Na kila siku alirudi na habari ile ile.

"Yamevunjika mangapi leo?" nilimuuliza.

"Kumi na saba, mama. Barabara ina mashimo kama chujio."

"Barabara ni ile ile. Mbona mwaka jana yalifika salama?"

Akakuna kichwa. "Mwoka mikate amesema kesho ndiyo mwisho. Yakivunjika tena, atatafuta mfugaji mwingine."

Nina kuku mia tatu, na mnunuzi ni huyo huyo mmoja.

Binti yangu akakimbia kumwita jirani yetu, fundi wa pikipiki. Mtaa mzima unamwita Mama Spana. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, hizi raba umezipachika wewe?"

Kweli, ndani ya springi za nyuma kulikuwa na vipande vya tairi kuukuu.

"Mzigo ni mzito," mkwe alijitetea. "Nilitaka springi ziwe ngumu."

"Zimekuwa gogo! Kazi ya springi ni kubonyea. Isipobonyea, shimo linapiga mayai moja kwa moja. Na hii ya kushoto umeikaza hadi mwisho, ya kulia umeiacha."

"Mzigo ulikuwa unalalia kushoto."

"Si ungeusogeza mzigo? Hiki sasa ni kitanda chenye mguu mmoja mrefu."

"Ndiyo maana anaendesha upande upande kama kaa," binti yangu akasema.

Mama Spana akampa mkwe spana yenye ncha iliyopinda. "Fanya mwenyewe. Mimi nimeleta spana na mdomo tu."

Wakaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Raba zikang'olewa. Chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi tano. Mkwe akazungusha pete zote mbili hadi ngazi ya kwanza, iliyo laini kabisa. Akafunga mzigo katikati, akashusha pikipiki, akakaa. Ikadidimia hadi mwisho, ikagonga.

"Panda ngazi moja, pande zote mbili sawasawa," alisema Mama Spana. "Kaa tena."

Ngazi ya pili, bado. Ngazi ya tatu, ikabonyea kidogo, ikatulia.

"Hapo hapo! Ingerukaruka kama mpira, ningejua mafuta yaliyomo kwenye bomba la springi yamevuja. Hapo pete haisaidii, unabadilisha springi yote. Yako ni nzima. Na siku huna mzigo, shusha ngazi."

Kesho yake sikuweza kukaa nyumbani. Nilitangulia kwa miguu, nikasimama mlangoni kwa mwoka mikate. Mbele ya mlango wake kuna shimo kubwa. Pikipiki ikaja, ikazama, ikainuka taratibu kama mtu anayeketi na kusimama.

Mwoka mikate akafunua trei ya kwanza. Ya pili. Akafika ya sita.

"Bibi, hata moja halijapata ufa!"

"Ulitaka livunjike ndiyo ufurahi?"

Akacheka. "Kuanzia kesho niletee trei nane."

Mkwe wangu akapiga honi mpaka wapishi wakatoka nje.

Zile raba sikuzitupa. Nimezifanya bawaba za mlango wa banda la kuku, na zinafanya kazi vizuri sana.