Magunia kwa Jina la Abdala

Korosho zikiiva zinaanguka tu, hata kama nyumbani kuna msiba. Ndivyo ilivyokuwa pale Nkowe, kwa marehemu mzee Abdala Seleman. Arobaini ilisomwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi mkewe, Bi Hajra, na binti yao Zuhra walikuwa shambani wanaokota.

Zuhra aliinama, akaokota bibo, tunda la mkorosho, akanyonga korosho yake, akaitupa kwenye ndoo. Mama yake alikuwa upande wa pili wa mti, anaongea peke yake.

"Mwaka huu umezaa, eeh? Mwenyewe hayupo, ndiyo umeona uzae!"

"Mama, unagombana na mkorosho?"

"Siugombezi. Nausalimia."

Zuhra alicheka. Alikuwa hajacheka tangu baba yake azikwe.

Shamba lile ndilo lililowalea. Mabati ya nyumba yalitoka pale, na sare zao za shule zilitoka pale. Zuhra alipoachika na kurudi nyumbani na mtoto mgongoni, baba yake hakumuuliza maswali. Alimpeleka upande wa kijito, akamwonyesha mikorosho michanga, akamwambia, "Hii palilia wewe." Zuhra aliipalilia mpaka ikazaa. Sasa alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: shamba lile lisitoke mikononi mwao.

Magunia yalipojaa, kaka yake Hemedy alikuja kutoka Namungo, anakochimba dhahabu. Walikodi guta la magurudumu matatu, wakapeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Karani wa ghala alikuwa mgeni, hakuwajua.

"Jina la mkulima?" aliuliza.

Hemedy alimtazama mama yake. Bi Hajra akajibu bila kusita, "Abdala Seleman."

Njiani kurudi Zuhra alimuuliza, "Mama, mbona umetaja jina la baba?"

"Kwani shamba la nani? Toka nimeolewa, hapo ghalani linatajwa jina hilo hilo. Nikitaja lingine si nitakuwa nimemfuta?"

Zuhra alielewa. Ulikuwa upendo, na upendo hauna pa kuukosoa.

Simu ya marehemu ilikuwa kabatini, pembeni ya vikombe vya wageni. Bi Hajra aliichaji kila siku, mwenyewe hajui kwa nini. Baada ya mnada wa korosho, siku moja mchana, ikalia. Hemedy akasoma ujumbe, akaruka juu.

"Hela ya korosho imeingia! Ipo benki, kwenye akaunti ya mzee!"

Siku hiyo walichinja kuku. Kesho yake Hemedy alichukua kadi ya benki ya baba yake, akapanda bodaboda kwenda Ruangwa mjini. Alirudi jioni, kichwa chini.

"Imekula kadi," alisema.

"Nini imekula kadi?" aliuliza mama yake.

"Mashine. Si inataka namba ya siri? Nikajaribu mwaka aliozaliwa mzee, ikakataa. Nikajaribu mwaka timu yetu ilipopanda daraja, ikakataa. Nilipojaribu tena, ikaimeza."

"Baba na mpira wapi na wapi?" alisema Zuhra.

"Sasa ningefanyaje, dada'ngu? Nikaingia ndani. Yule dada wa benki akaniuliza, mwenye kadi yuko wapi? Nikamwambia amesafiri. Akaniuliza, atarudi lini?"

"Ukamjibuje?"

Hemedy alijikuna kichwa. "Nikatoka nje."

Bi Hajra alicheka mpaka akajifuta machozi na khanga. Lakini Hemedy hakucheka.

"Tucheke, ila tujue hela hatuna," alisema. "Mikorosho itachanua mwakani, tutaipulizia nini? Bila dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua yote. Mimi nina jamaa yangu kule Namungo, ana fedha mkononi. Anataka upande wa kijito. Hata kesho analipa."

Upande wa kijito! Ile ile mikorosho aliyoipalilia Zuhra mpaka ikazaa.

"Nipe mpaka Jumapili, kaka," alisema.

"Jumapili utakuwa umeipata wapi?"

"Wewe nipe tu."

Jumapili alasiri sauti ilisikika uani.

"Hodi hapa! Nimekuja kumdai marehemu!"

Alikuwa Winfrida, jirani yao, ambaye Zuhra alikuwa amemwomba aje. Winfrida ni Mmakonde, mtani wa familia ile. Siku ya mazishi ndiye aliyelizuia jeneza mlangoni, akisema Abdala hatoki mpaka yeye alipwe jogoo anayemdai. Watu walilia huku wanacheka. Pia Winfrida ni msaidizi wa kisheria. Amepata mafunzo, na watu wa vijiji vya jirani humfuata wakiwa na mashauri ya ardhi, ndoa na mirathi.

"Unadai nini tena, mtani?" aliuliza Bi Hajra.

"Jogoo wangu! Msibani mliniambia mtani ametutoka, hana kitu. Leo nasikia amepeleka magunia ghalani. Nyie watu mlimzika nani?"

Wote wakacheka. Zuhra akamwekea mkeka na chai, kisha akamweleza yote: ghala, kadi, mashine, na yule mnunuzi wa Namungo.

Winfrida akaacha utani. "Sikilizeni. Mmepeleka korosho kwa jina la mtu aliyefariki, kwa hiyo fedha imemfuata yeye. Hiyo fedha haijapotea. Ila sasa ni sehemu ya mirathi, pamoja na shamba na kila alichoacha. Hata fedha iliyobaki kwenye simu yake. Na wewe Hemedy, shukuru mashine imekula kadi."

"Nishukuru?"

"Ungeijua namba ya siri ukatoa hela, lingekuwa kosa. Mtu akifa, kadi yake haina mwenyewe mpaka mahakama iseme. Na hilo shamba hivyo hivyo. Huyo jamaa yako akinunua leo, amenunua kesi."

"Mahakama!" alisema Bi Hajra. "Sisi hatuna ugomvi na mtu."

"Mama, watu wengi wanadhani mahakamani ni kwa wagomvi. Hapa mnakwenda ili msigombane. Kwanza mnatafuta cheti cha kifo. Mkishakipata, mnakaa kikao cha familia, mnachagua msimamizi wa mirathi. Kama aliacha wosia, mnaupeleka. Mnaandika muhtasari, wote mnasaini. Mnafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ya huku alikokuwa anaishi."

"Na huyo msimamizi ndiye anakuwa mwenye mali?" aliuliza Hemedy.

"Hapana. Umewahi kumwona mpakuaji wa pilau kwenye shughuli? Mwiko anashika yeye, lakini sufuria si lake. Kazi yake kila sahani ifike kwa mwenyewe."

"Wapakuaji wote nawajua. Wanajiwekea nyama."

"Ndiyo maana mahakama inamdai hesabu! Akishateuliwa, ndani ya miezi minne anatakiwa aorodheshe mali na madeni, na aeleze nani amepata nini. Akijiwekea nyama, ataitapika." Winfrida akanywa chai. "Haya. Watoto wa marehemu wangapi?"

"Wawili," alisema Hemedy haraka.

Bi Hajra akatazama chini.

"Watatu," alisema Zuhra.

Wa tatu alikuwa Mwanawetu, mtoto wa Abdala kwa mke wake wa kwanza, ambaye walishaachana zamani. Mwanawetu anaishi Nachingwea. Msibani alikuja, akakaa nyuma ya wanawake wote, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemuuliza analala wapi.

"Kwani huyo si ana maisha yake?" alinung'unika Hemedy.

"Na wewe si una shimo lako Namungo?" alisema Winfrida. "Damu ya Abdala ni yake kama ilivyo yako. Mkimficha, atakwenda kuweka pingamizi, na haki atakuwa nayo. Shauri litakaa, na mikorosho itachanua bila dawa."

Zuhra alikwenda Nachingwea wiki ile ile. Alimkuta dada yake sokoni, mbele ya mabeseni ya mbaazi na ufuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mwanawetu aliendelea kupepeta. "Umeniletea karatasi nisaini kwamba sitaki kitu?"

"Sina karatasi, dada. Nimekuja kukuita kwenye kikao. Tunamchagua msimamizi wa mirathi ya baba, na bila wewe kikao hakijatimia."

Ungo ukasimama. Mwanawetu alimtazama vizuri.

"Siku ya msiba, wewe ndiye uliyeniletea maji ya kunywa?"

"Ndiyo mimi."

"Wengine walinipita kama kigogo." Akamimina mbaazi kwenye beseni, akakung'uta mikono. "Haya, nakuja. Ila nauli utalipa wewe, mdogo wangu. Mbaazi mwaka huu hazina bei."

Wakacheka pamoja. Walicheka sawa, kama baba yao, kwa pua kwanza halafu kwa mdomo.

Kikao kilikaa nyumbani kwa Bi Hajra. Kiliongozwa na Saburi, mdogo wake marehemu. Cheti cha kifo kilikuwa kimeshapatikana.

"Tupendekeze msimamizi," alisema mzee Saburi.

Hemedy akajikohoza. "Baba mdogo, mimi ndiye mwanaume."

"Wewe?" alisema Bi Hajra. "Kadi moja tu imekushinda!"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Kilipotulia, Mwanawetu alinyoosha mkono. Watu wakageuka.

"Mimi namtaka aliyekuja kuniita," alisema.

Hemedy alimtazama Zuhra, halafu akamtazama Mwanawetu, halafu akatazama miguu yake mwenyewe.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mwiko apewe Zuhra. Ila nyama yangu nitaihesabu."

"Ihesabu, kaka," alisema Zuhra. "Nataka uihesabu."

Wote wakasaini muhtasari. Bi Hajra, asiyejua kuandika, aliweka dole gumba.

Siku ya kwenda mahakamani Zuhra alikwenda na hofu. Kumbe hakimu alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. Aliagiza tangazo libandikwe mahakamani na kijijini, ili mwenye pingamizi au anayemdai marehemu ajitokeze. Muda wa tangazo ulipokwisha, waliitwa tena.

"Watoto wa marehemu wapo?"

Wakasimama wote watatu, mstari mmoja.

"Kuna anayepinga?"

"Hakuna," alisema Mwanawetu kabla ya wengine.

Zuhra akateuliwa. Wadhamini waliomwekea dhamana wakasaini. Aliyejitokeza kwa tangazo alikuwa mmoja tu, fundi baiskeli, aliyekuwa hajalipwa kwa kutengeneza gurudumu la baiskeli ya Abdala.

"Naona aibu kumdai marehemu," alisema fundi.

"Usione aibu, mjomba," alisema Zuhra. "Madeni yanalipwa kwanza, ndipo watu wagawane."

Benki nayo ikatekeleza amri ya mahakama. Haikumpa Zuhra fedha mkononi. Iliipeleka kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, na kutoka hapo ikagawiwa kwa warithi. Marehemu aliishi Kiislamu, kwa hiyo mgawanyo ulifuata sheria ya Kiislamu. Mama alipata thumni, yaani fungu moja katika manane. Kilichobaki kilikuwa cha watoto: Hemedy mafungu mawili, na kila binti fungu moja. Mikorosho nayo ikagawanywa hivyo hivyo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Upande wa kijito ukaangukia kwa Zuhra, kwa ridhaa ya wote. Mwanawetu alipewa safu inayofuata.

"Yule jamaa yako wa Namungo bado anataka kununua?" Zuhra alimuuliza Hemedy.

"Nilimwambia asubiri mzee arudi safari," alisema Hemedy. "Bado anasubiri."

Zuhra alirudi mahakamani na hesabu kabla ya miezi minne kwisha. Hakimu akapitia, akaridhika, shauri likafungwa.

Salfa ilinunuliwa mapema. Maua yalipotoka, Hemedy aliomba ruhusa kwa wenzake wa mgodini, akaja kupuliza dawa kwenye shamba zima, mikorosho yake na ya mama na dada zake. Mwanawetu alikuja kutoka Nachingwea na sufuria la mbaazi. Bi Hajra aliizunguka mikorosho, anaisalimia mmoja mmoja.

Mwezi wa kumi ulipofika, guta lilisimama tena mbele ya ghala. Karani alikuwa yule yule. Winfrida naye alikuwepo na magunia yake, kwenye foleni.

"Jina la mkulima?" aliuliza karani.

Zuhra alimtazama mama yake. Mwaka huu wote walikuwa wameshajiandikisha kwenye chama, kila mtu na akaunti yake. Lakini alijua kwamba kwa mama kutaja jina jingine kulikuwa kugumu. Alisubiri.

Bi Hajra alishusha pumzi. Akasogea mbele, akaweka mkono juu ya gunia.

"La kwangu andika Hajra," alisema. "Haya mengine, waulize watoto wa Abdala."

"Zuhra Abdala," alisema Zuhra.

"Hemedy Abdala."

"Na lile la mwisho ni la Mwanawetu Abdala. Yuko Nachingwea," aliongeza Zuhra.

Karani akaandika. Bi Hajra alisikiliza jina la mumewe likitajwa, mara tatu, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe sijamfuta," alisema.

"Hujamfuta," alisema Winfrida kutoka kwenye foleni. "Ila sasa mtani wangu amepumzika. Mwaka jana mlimzika halafu mkambebesha magunia!"

Ghala lote likacheka. Zuhra akaenda kwenye guta, akarudi na jogoo mwekundu, amefungwa miguu, anapiga kelele. Akamkabidhi Winfrida.

"Deni la marehemu, mtani," alisema. "Nimekwisha kukabidhi hesabu. Usidai tena."