Malai ya Ziad

Gunia lilipasuka mbele ya ofisi ya vifurushi pale Mwembe Tayari, wakati basi la kutoka bara lilikuwa ndiyo kwanza limeingia na kila mtu anamsukuma mwenziwe. Buni za kahawa zikatawanyika chini, katikati ya miguu ya wapagazi, wauza maji na abiria waliolala vibaya usiku kucha.

"Msikanyage! Jamani, wallahi, msikanyage!" alipiga kelele kijana mmoja mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kofia imemwendea upande.

Walikanyaga. Aliyesimama ni msichana mmoja tu. Jina lake Lamis, karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, kule Mbaraki, na alikuwa amekuja kuchukua kifurushi cha ofisi. Alivaa buibui jeusi lililotariziwa nyuzi za fedha mikononi, na mtandio wa kijani cha ndimu. Alichuchumaa kimya kimya, akafungua mkoba wake wa kitambaa, akaanza kuzoa.

"Dadangu, utachafua mkoba wako."

"Ushachafuka," alijibu Lamis, sauti ndogo hata kijana akalazimika kuinama ili aisikie.

Walizoa pamoja. Alipoinua uso, kijana aliona macho makubwa yaliyopakwa wanja mwembamba, nayo yakaangushwa chini upesi kana kwamba kutazamwa kwaunguza.

"Mimi Ziad. Nna duka la kahawa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Huo mkoba utanuka buni mwezi mzima. Njoo unywe kahawa nikufidie."

"Si lazima."

"Si lazima, ni haki yako. Na si kahawa tungu ile ya kila barza. Kahawa ya malai. Alfajiri nachemsha maziwa mwenyewe, nayaacha yapoe, naengua utando wa juu, naupiga mpaka uwe mzito. Hakuna mwengine Mombasa afanyaye hivyo."

Hapo ndipo Lamis alipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi fupi tu: maziwa hayanikubali. Siku chache nyuma alikuwa amekwenda kwa daktari, kijana mwenye sura nzuri mno kwa kazi yake, ambaye alimuuliza maswali ya choo bila hata kupepesa macho. Lamis alitamani sakafu ipasuke. Daktari akaeleza kwamba tumbo lake haliwezi kusaga sukari ya maziwa. Apunguze maziwa, malai, jibini laini na aiskrimu. Kisha akasema, "Lakini," na kabla hajaendelea Lamis alikwisha kusimama, ameshukuru, ameshika kitasa cha mlango. Yaliyofuata baada ya "lakini" hakuyasikia.

Kwa hivyo pale Mwembe Tayari, mbele ya kijana mwenye kofia ya upande, hakusema kwamba maziwa hayamkubali.

"Inshallah," alisema.

*

Alikwenda na Kanze, mwenzake wa kazini, msichana wa Kaloleni asiyejua kunong'ona.

"Wewe si umekatazwa?" Kanze aliuliza wakiwa mlangoni.

"Shh! Nitaonja tu."

Duka lilikuwa dogo, la mlango wa mbao zilizochongwa maua, na ndani mlinukia buni zilizokaangwa, iliki na mbao za zamani. Juu ya baraza ya nje walikaa wazee wa kila siku: Mzee Sheikhan, mfua fedha, na Abdulbasit, fundi wa kanzu. Ziad aliweka kikombe mbele ya Lamis kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi amana. Malai yalikuwa yamekaa juu ya kahawa nyeusi, meupe, mazito, hayajaanza kuyeyuka.

Na Lamis ni mtoto wa nyumba ambamo mgeni hasemi "siwezi" mbele ya kilichoandaliwa. Alifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Alikunywa.

Ole wake, yalikuwa matamu. Ule utungu wa kahawa ulipita chini ya malai baridi kama maji chini ya zulia. Alifumba macho bila kujua.

"Waonaje?" Ziad aliuliza, na hakuwa akiuliza habari ya kahawa peke yake.

"Sijapata kunywa kitu kama hiki," alisema Lamis, naye hakusema uongo.

Wakazungumza. Ziad alimsimulia jinsi watu walivyomcheka alipoanza, wakisema anaiharibu kazi ya marehemu babake, aliyeuza kahawa tungu ya tangawizi maisha yake yote. Lamis alicheka kwa kuficha meno nyuma ya mtandio. Kisha Ziad alivuta kiti karibu kidogo.

"Lamis, nataka kukwambia kitu..."

Tumbo la Lamis likanguruma. Halikunguruma kwa adabu. Lilijikunja, likajikunjua, na jasho likamtoka mgongoni.

"Samahani, nina haraka," alisema, akainuka, akatoka, akashika njia ya Kibokoni kwa miguu ya mtu anayefukuzwa. Huko aliishi shangazi yake Mwanakuu, na kwa Shangazi Mwanakuu kulikuwa na choo.

Ziad alimgeukia Kanze. "Nimesema nini?"

"Hujasema kitu," alijibu Kanze akiguna. "Hilo ndilo tatizo la nyote wawili."

*

Mtu mwenye akili hangerudi. Lamis alirudi. Alirudi kwa sababu Ziad alimpigia simu kila jioni akimwita roho yangu, na kwa sababu kila alipopita pale alikuta kikombe kimekwisha kuandaliwa. Na kila mara mambo yalikwenda vilevile: kikombe, kicheko, "Lamis, nataka kukwambia kitu," kisha mbio za Kibokoni.

"Mwambie tumbo!" Kanze alimfokea ofisini. "Tum-bo! Kila mtu analo!"

"Kanze, mwanamume umwambie tumbo lakuendesha? Atanitazama vipi tena?"

"Sasa akutazama vipi? Akutazama mgongo, ukikimbia!"

Ziad naye alianza kuchoka. Alimwambia mamake, Bi Afaf, ajitayarishe kwenda kumposa msichana siku ya Ijumaa, kisha akamwambia asubiri, kisha akamwambia ajitayarishe tena.

"Mwanangu," alisema Bi Afaf, "mimi nishatoa nguo ya kuposea kabatini na kuirudisha hata mikunjo imeniaibisha. Msichana akutaka, hakutaki?"

"Nikiwa karibu kumuuliza, huondoka."

"Basi ameshakujibu."

Ziad alikwenda kulala na neno hilo. Siku iliyofuata Lamis alipokurupuka kama kawaida, alisahau simu yake mezani. Ziad aliichukua akamfuata mbio mpaka Kibokoni. Alipopinda kona alimwona akigonga mlango kwa mikono miwili. Mlango ukafunguliwa na kijana mpana wa mabega, aliyevaa kikoi tu, naye Lamis akapenya chini ya mkono wake akaingia ndani bila hata salamu. Kijana alicheka, akafunga mlango.

Kijana huyo ni Hussam, nduguye Lamis wa tumbo moja, aliyekaa kwa shangazi kwa ajili ya masomo. Alicheka kwa sababu alijua vizuri nini kilichomleta dadake mbio. Lakini Ziad angejuaje? Aliiacha simu kwa muuza mbatata wa jirani ampe Lamis, akarudi zake.

Usiku ule alipompigia, hakumwita roho yangu.

"Nani yule aliyekufungulia?"

"Hussam. Ndugu yangu."

"Ndugu. Na mtu humkimbilia nduguye namna ile? Waniacha na neno mdomoni, wamkimbilia nduguyo?"

"Ziad, simkimbilii yeye."

"Wakimbilia nini, basi?"

Lamis alishika simu kwa nguvu. Sentensi ilikuwa pale, juu ya ulimi. "Siwezi kukwambia."

Ziad akashusha pumzi ndefu. "Haya. Mimi nimechoka, Lamis. Mamangu nitamwambia asije. Ukipita dukani, karibu, utanunua kahawa kama mteja mwengine yeyote."

Akakata.

*

Lamis alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Hasira zilimjia baadaye, asubuhi, akiwa kazini mbele ya shehena ya vigae iliyokosewa anwani. Alimkasirikia Ziad, akayakasirikia malai, kisha zaidi ya vyote akajikasirikia mwenyewe, mtu mzima aliyesomeshwa chuo, anayeacha posa impite kwa kuona haya kulitaja tumbo.

"Kanze, niandikie ruhusa. Natoka."

"Waenda wapi?"

"Kuaibika."

Alikuta duka limejaa. Mzee Sheikhan alikuwa na kikombe mkononi, Abdulbasit naye vilevile, na wateja wengine watatu wanne wameegemea kaunta. Ziad alimwona akageuza uso, akajifanya anapangusa chano kilichokuwa kikavu.

"Ziad."

"Karibu. Wataka ya malai au tungu?"

"Nataka unisikilize."

"Nasikiliza. Sema upesi, usije ukachelewa huko waendako."

Wazee walikohoa. Uso wa Lamis ulipata moto mpaka masikioni. Kisha sauti yake, ile ndogo ambayo watu huinama ili waisikie, ikatoka kubwa hata paka akaruka kutoka barazani.

"Naenda chooni! Kila siku nilikuwa naenda chooni! Ni malai yako, Ziad! Tumbo langu halistahimili maziwa, daktari amenikataza, na mimi nayanywa kwa sababu wewe wayaleta kwa mikono miwili! Nayanywa, kisha yaniendesha, kisha nakimbia! Hapana mwanamume, hapana siri. Ni choo cha Shangazi Mwanakuu!"

Ziad alisimama na kitambaa mkononi, kinywa wazi.

Ndipo Mzee Sheikhan alipoweka kikombe chake chini polepole.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi."

"Hata wewe nini, Mzee?"

"Hata mimi tumbo. Waona kila siku nakunywa kisha nasema nimesahau kufunga duka? Duka huwa nimelifunga."

Abdulbasit alitazama dari. "Mimi humwaga kwenye chungu cha mrehani hapo barazani," alisema. "Nisamehe. Marehemu babako alikuwa rafiki yangu. Niliona nikikataa kikombe chako nimemvunja yeye."

Ziad aliutazama mrehani, uliokuwa umekauka tangu mwezi uliopita, naye akilaumu jua. Akawatazama wazee. Akamtazama Lamis.

"Yaani nyote?" alisema, sauti imempasuka. "Nyote mwaninywea kwa haya? Naamka alfajiri nachemsha maziwa, kumbe natia mji mzima ugonjwa, na hakuna hata mmoja wa kuniambia 'Ziad, basi'?"

"Ulikuwa ukifurahi sana," alisema Lamis.

Ziad alikaa kitako kwenye gunia la buni, akafunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika. Lamis alidhani analia, akamsogelea, ndipo akamwona anacheka mpaka machozi yanamtoka.

*

Kwanza alijaribu tui la nazi. Lilikatika ndani ya kahawa moto, likaelea vipande vipande.

"Waonaje?"

Lamis alionja. Lamis yule wa zamani angesema lina ladha. "Baya," alisema. "Baya sana, Ziad."

"Alhamdulillahi," alisema Ziad. "Hatimaye umenikatalia kitu."

"Nataka yale malai yako. Nayapenda kweli, hilo sikukudanganya."

"Lamis, habibti, wataka kunitia wazimu? Si umekatazwa?"

Ilibidi arudi kwa daktari. Safari hii alikwenda na Kanze, aliyekaa mlangoni kama kizuizi ili mtu asitoke kabla ya wakati. Daktari alimkumbuka.

"Wewe ndiye uliyeondoka nikisema lakini," alisema. "Lakini si marufuku moja kwa moja. Wengi wenye hali kama yako huweza kijiko kimoja, tena juu ya chakula, si tumbo tupu. Anza kidogo, uone. Kikombe kizima cha malai juu ya njaa, ambacho naona ndicho ulichokuwa ukinywa, hapana."

Siku ya kujaribu, Ziad alifunga duka adhuhuri. Kanze alikaa barazani na simu yake, akiwa mchungaji wa adabu. Mezani kulikuwa na sahani ya mahamri ya nazi na mbaazi, na Ziad hakumimina kahawa mpaka Lamis alipokula akashiba. Kisha akachota malai kijiko kimoja, akakilaza juu ya kahawa taratibu. Meupe juu ya nyeusi, doa dogo kama mwezi mchanga.

"Ni kidogo," alinung'unika Lamis.

"Kunywa, usinichoshe."

Alikunywa. Alifumba macho. Kisha wote wawili wakangoja, kama watu wanaosikiliza hatua za mgeni ngazini. Wakazungumza habari za vigae vilivyopotea, za mrehani mpya. Kikombe kikaisha. Kivuli cha dirisha kikatambaa mpaka miguuni mwao, na adhana ya alasiri ikaanza. Tumbo la Lamis lilikuwa kimya.

Ziad akavuta kiti karibu.

"Lamis, nataka kukwambia kitu."

Akasita. Hakuwa amepata kuvuka hapo. Maneno yote aliyoyapanga kwa majuma mengi yalimpotea, naye sasa ndiye aliyetazama mlango.

"Ziad," alisema Lamis, kwa sauti yake ndogo, na alitabasamu bila kujifunika mtandio. "Mimi sina haraka."

Basi Ziad akaimaliza sentensi yake, akamuuliza kama mamake aje kuposa.