Buti za Kapteni Thornley

Mjomba wangu Sudalai alimtumikia Kapteni Thornley miaka kumi na tisa, tangu Mwingereza yule hajaota hata ndevu. Alimpikia, akamfuata vitani, na kila asubuhi akampigia buti rangi kwa masizi na mafuta. Kapteni alipanda cheo, akaugua homa, akapona, akapanda tena. Kwao hakurudi hata siku moja. Mwishowe risasi ikamwangusha chini ya ukuta wa ngome, ng'ambo ya mto wetu, Vaigai.

Mjomba ndiye aliyemwandaa kwa maziko. Kwetu maiti haendi na viatu, ni aibu. Basi akamvua buti kwa heshima zote, akaja nazo nyumbani.

Wiki mbili baadaye, adhuhuri, tulikuwa tunaanika pilipili uani. Binti wa mjomba, Ponni, wa miaka sita, alikuwa kibarazani, kivulini.

"Baba, yule mzungu mbona anarukaruka? Ardhi inamchoma."

Tukatazama. Hapakuwa na mtu.

Jioni nyayo za Ponni zilikuwa malengelenge matupu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Siku ya tano hakula.

"Umemwacha bwana wako peku juani," mkewe mjomba, Nallammal, akamnong'oneza. "Unangoja mwanangu afe?"

"Nilimheshimu, jamani!"

"Kwa heshima yetu. Wao huzikwa na buti zao."

Mjomba akazipeleka kaburini, na chupa ya pombe juu. Kesho yake Ponni alikuwa anakimbiza kuku. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Adhuhuri, buti zilikuwa mlangoni petu. Zimejaa tope bichi, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne.

Mjomba alizitazama sana. Kisha akaleta kibakuli chake cha mbao, cha masizi.

"Kumbe bado niko kazini," akasema.

Akazing'arisha, akaziweka kizingitini. Tulipogeuka, hazipo. Ikawa hivyo kila siku, miaka thelathini.

Juzi mjomba alifariki, tukamchoma kando ya mto kwa mila yetu, na kibakuli chake kifuani. Nallammal alitangulia, Ponni kaolewa mbali. Nyumbani humu nimebaki peke yangu.

Jana adhuhuri nilisikia hatua nzito. Zikakoma mlangoni. Sikufungua.

"Mtumishi wako amekufa," nikasema. "Nenda zako!"

Leo nyayo zangu zinawaka moto.

Nimefungua. Buti zipo, tope tupu. Kando yake kipo kibakuli cha mjomba, kile cha mbao, kilichoungua naye mbele ya macho yangu. Masizi ndani yake bado ya moto.