Maua ya Nyuma ya Banda

"Kesho alfajiri, palepale. Na tafadhali mwambie Kiriko, mimi nimechoka kuficha."

Kiriko ni mimi, na ujumbe huo niliusoma kwenye simu ya mchumba wangu nikiwa na kisu mkononi. Bahati yake, alikuwa bafuni. Aliyeutuma ni Mizuho, binti wa jirani, mwenye meno mazuri na pikapu nyeupe.

Niliusoma mara tatu. Palepale wapi? Kuficha nini? Harusi yetu ilikuwa Novemba na sasa ilikuwa katikati ya Septemba. Nilikuwa nimeacha kazi ya upishi mjini Kyoto, nikahamia kwa mama yake kwenye hili bonde la milimani, nikiosha mapipa ya achari miezi mitatu mizima. Leo naambiwa kuna palepale!

Niliirudisha simu mezani, nikaendelea kupika, maana dagaa hawangojei mtu amalize kulia.

Walikuwa dagaa wakubwa wanene. Niliwapasua, nikatoa miba, nikawapaka rojo ya ume, matunda machachu yaliyolowekwa kwa chumvi na shiso nyekundu, yale majani yenye harufu kama mrehani, nikawaviringisha na kuwafunika kwa jani la shiso ya kijani. Nikawakaanga kidogo tu. Shiso ya kijani inapenda mafuta, inayakata na kukuachia harufu safi puani. Nyekundu inapenda uchachu, na isipoupata haitoi hata ile rangi yake nzuri. Ukiziweka zote mbili kwa samaki mmoja, mtu anasahau kuongea. Ni kwa chakula hicho nilimpata mchumba wangu Sadaharu, alipokuja kuleta achari kwenye mgahawa wetu akakaa mpaka tukafunga.

Mezani, mama yake, Mama Fumie, alimgeuza samaki kwa vijiti, akalibandua jani la kijani taratibu, akaliweka pembeni ya sahani. Kama kila siku.

"Mama, jani ndilo linakata mafuta. Jaribu pamoja na samaki."

"Umefanya kazi kubwa, mgeni wetu. Ila jani hili lina kelele."

"Kelele?"

"Linaongea kabla ya samaki."

Mgeni wetu. Nilimeza wali bila kutafuna. Nikamgeukia Sadaharu.

"Kesho unaamka saa ngapi?"

Alipaliwa na supu.

"Saa moja. Kama kawaida. Kwa nini?"

"Basi tu."

Hakuniangalia. Mwanaume aliyezoea kulamba sahani aliacha samaki wawili. Nikajua mambo yameharibika.

* * *

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango wa nyuma ukisukumwa. Nilihesabu hadi hamsini, nikavaa malapa, nikamfuata.

Aliingia nyuma ya banda la mapipa. Huko ndiko nilikopanda miche yangu kumi na miwili ya shiso ya kijani mwezi Juni, miche niliyotumiwa na baba kutoka kwetu Toyohashi. Na huko nikamkuta Mizuho. Wamechuchumaa bega kwa bega, kila mmoja na mkasi, kikapu katikati yao.

"Hongereni!" nilisema. "Mngenialika basi!"

Mizuho alidondosha mkasi. Sadaharu alisimama akiwa mweupe kama tofu.

"Kiriko, siyo unavyofikiri."

"Unajua ninavyofikiri? Haya niambie, maana mimi mwenyewe sijui!"

"Tunakata maua," alisema Mizuho.

"Maua gani? Ya harusi yenu?"

"Ya shiso yako, dada. Tazama kikapuni."

Nikatazama. Kikapu kilikuwa na vishada vidogo vya maua meupe. Nilichanganyikiwa zaidi. Nilikuja kukamata mapenzi, nikakamata mboga.

"Shiso haina maua," nikasema.

Wote wawili wakanikodolea macho.

"Sadaharu, mimi nimezaliwa kwenye shiso. Nyumbani tuna vitalu vinne. Nimefunga majani kumi kumi kwa mpira tangu nikiwa darasa la kwanza. Miaka yote sijaona ua hata moja. Usinifanye mjinga."

"Mpenzi, nisikilize. Kila asubuhi tunayakata kabla nyuki hawajaamka. Wiki ya tatu sasa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbegu ya Mama, ile ya shiso nyekundu ya achari."

"Mbegu ya Mama inahusiana nini na Mizuho?"

"Jana asubuhi nilikuta manne yameshafunguka," Mizuho akadakia. "Nyuki alikuwa ndani. Kwetu tuna shiso nyekundu ya mbegu hatua mia kutoka hapa! Nimemwambia huyu mwanaume mwambie mwenyewe, anasema kesho, kesho. Mimi siwezi tena. Bibi yangu ananiuliza naenda wapi alfajiri, anafikiri nimepata bwana!"

Nilitoa simu, nikampigia baba. Mkulima halali saa hizo.

"Baba, shiso inatoa maua?"

Akacheka.

"Mwanangu, zile taa tunazowasha vitaluni usiku kucha, unadhani ni za nini?"

"Wezi."

"Wezi? Miaka ishirini na minane unadhani nalinda majani na wezi?" Nilimsikia akimwambia mama, naye mama akacheka. "Taa zinaudanganya mmea kwamba usiku bado ni mfupi. Mmea ukijua usiku umerefuka unatoa maua, jani linakomaa, hakuna wa kulinunua. Ndiyo maana hujawahi kuyaona."

"Na ukitoa maua karibu na shiso nyekundu?"

"Zinaingiliana. Mbegu itakayozaliwa siyo nyekundu siyo kijani, harufu yenyewe hovyo." Sasa hakuwa anacheka. "Kiriko. Huko ulipo ni bonde la shiso nyekundu. Umefanya nini?"

Nikakata simu.

Mizuho alikuwa ameshaondoka, ana adabu yule binti, nakiri. Tukabaki wawili.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ulipopanda. Hapa hata mtoto anajua. Bonde zima halipandi ya kijani. Tunaenda kuinunua dukani."

"Na ukaninyamazia!"

"Ulikuwa umekaa hapo na udongo mpaka usoni, ukasema, sasa na mimi nina kitu changu hapa. Ningesemaje?"

"Ungesema ng'oa! Ningeng'oa, ningeikaanga na ufuta, tungekula, tungelala! Sasa wiki tatu unatoroka kitandani, hunitazami machoni, nimekaa nahesabu meno ya Mizuho!"

"Niliogopa utarudi Kyoto."

"Kwa miche kumi na miwili?"

"Kwa Mama. Nilijua akigundua atakasirika, na wewe una hasira, na mimi nitakuwa katikati. Nikaona nikate tu maua mpaka baridi ije."

Nilitaka kumpiga na kikapu. Pia nilitaka kumkumbatia, mwanaume mzima anayeamka gizani wiki tatu kukata maua ya mboga ili nisilie. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilishika shina la kwanza nikaling'oa. Akachuchumaa akashika la pili. Tuling'oa yote kimya kimya, nami nilikuwa nalia, maana mbegu zile Mama Fumie alizirithi kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Nyuki wa jana nani angemrudisha?

* * *

Nilimkuta Mama Fumie anakoroga pipa la bilinganya. Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, nikainama mpaka paji likagusa chini, nikamweleza yote. Maua, nyuki, taa za baba. Mizuho sikumtaja kwa ubaya. Sadaharu alipiga magoti kando yangu akasema kosa ni lake.

Mama alifunika pipa, akaweka jiwe juu yake, akafuta mikono.

"Manne?"

"Manne, Mama. Tunayoyajua."

"Kavae nguo nzuri. Nyeusi kama unayo. Tunatoka."

Akaingia ndani.

Tunatoka kwenda wapi? Basi la kwanza la mjini hupita saa tatu, na ilikuwa saa mbili na nusu. Nilielewa. Nilivaa, kisha nikatupia nguo zangu kwenye begi, na visu vyangu vitatu nikavifunga kwenye taulo. Sadaharu akalishika begi.

"Unafanya nini?"

"Ananipeleka kituoni. Hujaona uso wake?"

"Ukipanda basi hilo, napanda na mimi."

"Na mapipa nani atakoroga? Acha ujinga."

Mama Fumie alitoka amevaa kimono cha rangi ya majivu, amebeba kifurushi cha kitambaa chenye maboksi ya achari. Alilitazama begi langu.

"Hilo la nini?"

"Si tunakwenda…"

"Liache. Mikono yako itakuwa na kazi." Akanibebesha maboksi.

Hatukwenda kituoni. Tulipanda kijia sisi watatu mpaka kwa akina Mizuho, na bibi yake, Bi Tsujimoto, mwenye miaka themanini na sita, akafungua mlango. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha. Mama Fumie akanitangulia. Aliinama, akaenda chini kuliko nilivyowahi kumwona akiinama kwa mtu yeyote.

"Mkwe wangu amepanda shiso ya kijani. Maua manne yamefunguka. Msihifadhi mbegu ya mwaka huu. Ya mwaka jana ninayo ya kutosha, nitawagawia. Kosa ni la nyumba yangu."

Niliganda na maboksi mikononi. Sadaharu akanivuta mkono, ndipo nami nikainama.

Bi Tsujimoto alinitazama kwa muda.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiye huyu," alisema Mama Fumie. "Nilipanga kumtambulisha Novemba, kwa kimono na keki za harusi. Ameharakisha mwenyewe."

Bibi kizee akacheka mpaka akakohoa. Akapokea boksi.

Bonde lina nyumba kumi na nane zinazootesha mbegu. Kila mlango Mama alianza na neno lilelile: mkwe wangu. Kwingine walitusamehe, kwingine walitufungia mlango usoni, mzee mmoja akanifokea mpaka mate yakanifikia. Mama aliinama kote sawasawa. Tulipofika mlango wa tano nilikuwa nalia wazi, hata sijui kama ni aibu au furaha, vyote vilikuwa vimechanganyika.

"Hebu nyamaza," alininong'oneza. "Hapa unainama tu. Kulia utalia ukifika nyumbani."

"Nyumbani wapi, Mama?"

Alisimama, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Kwani unazo ngapi?"

Akapiga hodi mlango wa sita.