Shangazi Hayumo Dunguni

Kila mpunga ulipoanza kujaza, Aurelia wa kijiji cha Mbingu alipelekwa shambani kuamia ndege, na kila mara alilala. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipanda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, akashika kamba za makopo, na punde akakoroma hadi viboko mtoni wakageuza shingo kumtafuta mwenzao.

Nyumbani Bibi Dorotea alimwita Gogo. Kaka yake Yoramu alimtangazia mbele za watu kwamba amerithi: alipewa jina la marehemu shangazi yao, ambaye alilala mpaka kuku wakataga kwenye kanga zake. Aurelia hakubisha. Aliona uvivu ni wa marehemu, yeye kabebeshwa tu.

Asubuhi moja kwelea kwelea walishuka, wingu zima. Alipozinduka, robo ya shamba ilikuwa makapi. Bibi alikuja na fimbo, akaapa kwamba robo nyingine ikiliwa watashinda njaa, na kipaimara Aurelia atakisikia kwa wenzake.

Aurelia akamkimbilia Katekista Evaristo, mwalimu wake wa kipaimara, akamwamkia, akaomba amwombee ili shangazi amtoke.

Mzee hakucheka. "Shangazi yako nilimzika mimi. Amepumzika, usimsingizie. Aliyelala dunguni ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Na siku ya ubatizo wako, Mungu alimpokea nani? Yeye au wewe?"

Mzee akamfukuza, asirudi tena na hadithi za wafu.

Njiani Aurelia alisimama. Akasali bila kuomba kuondolewa kitu. Alisema tu, "Mungu wangu, ni mimi. Ulinipokea mimi." Siku zote alijiona kama nyumba ya mtu mwingine, sasa aliona mwenyewe yumo ndani, na milango ni yake.

Kesho yake jua lilimkuta dunguni, wima. Alivuta kamba, akapiga kelele, akakimbia juu ya matuta ya majaruba. Yoramu alipokuja kumzomea alipokewa na bonge la tope. Wiki tatu zilipita hivyo. Sauti ilimkauka, mpunga ukabaki.

Siku ya kuvuna, Bibi alimtazama kwa jicho kali.

"Usidhani nimesahau robo yangu," alisema. "Lakini sikia, mjukuu wangu. Mungu hakukuumba mvivu. Wewe mwenyewe ulijifundisha uvivu, ukakaa ukiamini ndio wewe. Umeuacha kwa mikono yako, basi usimwachie mtu akurudishie, hata mimi. Haya, shika mundu."