Kanga ya Bluu ya Mwalimu Wankyo

Asubuhi ile ya mwaka 1974 kanga zilikuwa zimefika duka la ushirika Bunda, na foleni ilitoka mpaka barabarani. Mhoja, karani wa duka, shati jeupe na kalamu sikioni, alimwona binti mfupi mwenye gauni la maua akinyoosha mkono juu ya meza.

“Nipe ile ya bluu.”

“Kanga ni za watu wazima, mtoto. Kamlete mama.”

Foleni ikacheka. Binti hakusogea.

“Nina miaka ishirini na mitatu. Mimi ni Mwalimu Wankyo, nafundisha kisomo cha watu wazima Manyamanyama. Si wewe ni Mhoja wa mama Kwangu? Mama yako hukaa mstari wa mbele. Jana kaandika jina lako.”

Sasa foleni ikamcheka Mhoja. Alimfungia kanga kwa mikono yake, na jioni akamsindikiza mama yake darasani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wakapendana. Mhoja alimwita “mwalimu mdogo”. Wankyo akamwita “karani kipofu”. Mhoja aligundua kwamba asubuhi kope za mpenzi wake huvimba, na jioni hunywea.

“Kwa nini?”

“Unaulizaga kama mtoto.”

“Mtoto si wewe?”

Shule zilipofungwa, Wankyo alikwenda kwao Butiama, hakurudi. Keraryo, mpimaji wa pamba, ndiye aliyeleta habari.

“Nimemwona Musoma, kliniki ya akina mama. Miguu imevimba, anatapika. Hongera, bwana!”

Mhoja hakuwahi kulala naye. Barua mbili zikaja, hakuzifungua. Wiki ya tatu, simu ya duka ikalia.

“Karani kipofu?”

“Mpigie baba wa mtoto.”

Wankyo akatoa kicheko kidogo. “Ingekuwa mimba, Mhoja, ningekupigia ngoma, si simu. Fungua barua.”

Kesho yake Mhoja alikuwa Musoma hospitalini, kando ya kitanda cha Wankyo, barua zilizofunguliwa mkononi.

“Figo na urefu vinahusiana nini?”

“Hata mimi nilimuuliza daktari. Figo zangu ziliharibika nikiwa na miaka tisa. Damu haisafishwi vizuri, ndiyo maana navimba. Kichwa kinatoa homoni ya kukuza mwili, tena ya kutosha, lakini mwili hauisikii.”

“Kama mimi na barua zako.”

“Kama wewe. Na homoni za uzazi nazo zimevurugika. Damu ya mwezi nimeiona mara mbili tu maishani. Ndiyo sababu Keraryo aliniona kliniki ile.” Aligeukia dirishani. “Huenda nisizae. Mama yako ananiambiaga habari za wajukuu. Nenda, sitakulaumu.”

Mhoja hakuweza kumdanganya.

“Watoto nawataka. Lakini nikifikiria nyumba yangu, nakuona wewe. Watoto siwaoni sura.”

“Huruma hiyo.”

“Nikuhurumie wewe? Uliyenifanya nichekwe mbele ya Bunda nzima?”

Nesi Marcelina, aliyekuwa akitandika kitanda cha pili, alishindwa kuvumilia. “Mwalimu, mjibu mwenzio. Saa ya wageni imekwisha.”

“Mwambie mama yako kwanza kila kitu,” Wankyo alisema. “Akikubali, aniandikie mwenyewe.”

Siku ya nne barua ilifika, herufi kubwa zilizopinda: WANKYO NJOO NYUMBANI.

Walioana, wakaishi pamoja miaka sita. Mtoto hakuja. Siku ya mazishi ya Wankyo, mama Kwangu, amejifunga ile kanga ya bluu, aliandika jina la mkwewe msalabani, herufi baada ya herufi. Mhoja alitaka kumshikia brashi. Mama alikataa.