Viatu vya Jioni Mbili

Wenzangu wa mtaa huu, kaeni niwaambie, na atakayekasirika akasirike. Mimi mwenyewe nimekasirika tangu mwezi uliopita na hasira bado haijaniisha. Mnanijua: nashona viatu kwenye kibanda changu mkabala na duka la dawa, na wengi wenu mna viatu kwangu mlivyosahau kuja kuchukua. Habari hii nimeiona kwa macho yangu, isipokuwa siku saba za melini, ambazo nimesimuliwa na mwenyewe aliyeumia pamoja na mkwe wake. Kuna mahali ndani yake ambapo mimi pia nina lawama. Nikifika hapo nitasema, sitajificha.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mama mmoja alikuwa akija kukaa kwenye benchi langu. Mnamwita Bibi Pasi, kwa sababu alipiga pasi kwa dobi miaka thelathini na moja, amesimama kutwa nzima. Alikuja na chupa yake ya chai na gazeti la jana. Akishakaa alivua makubadhi yake akanipa, nami nikatia mkono ndani nikapapasa kila pembe. Haukuwa mchezo huo. Bibi Pasi ana kisukari cha siku nyingi, na nyayo zake zimekufa ganzi. Kliniki walimwambia kila siku mtu amkagulie miguu na viatu. Nyumbani alijikagua mwenyewe kwa kioo cha mkono, na Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Siku moja nilikuta kizibo cha soda ndani ya kubadhi la kushoto, meno yakitazama juu. Alikuwa amekikanyaga tangu atoke nyumbani.

"Mama, hukusikia?"

"Ningesikia ningekuletea wewe? Si ningekitupa mwenyewe!" Akacheka mpaka chai ikamwagikia gazeti.

Makubadhi yale nilimshonea mimi. Nilichora nyayo zake zote mbili kwenye kipande cha boksi, na boksi hilo linaning'inia kwenye msumari ukutani mpaka leo. Mapana, ngozi laini nyeusi, ndani hakuna mshono hata mmoja wa kumkwaruza, na mikanda inalegezwa mchana miguu ikivimba. Si vizuri kujisifu, lakini pale nilijitahidi.

Basi Jumamosi moja akaja na binti yake. Binti huyu ni mtu wa ofisini, na mtaani mmempachika jina la Mama Picha, kwa kuwa hanywi maji bila kuyapiga picha kwanza. Sisemi ni mtu mbaya. Alikuwa amemlipia mama yake safari ya siku saba kwenye meli kubwa ya utalii, kwa ajili ya kutimiza miaka sabini. Wangapi kati yetu tumewafanyia mama zetu hata robo ya hayo? Bibi Pasi mwenyewe alifurahi kama mtoto.

"Fundi, mimi nataka kitu kimoja tu," akaniambia. "Nikae juu kwenye sitaha, nitazame maji, na asiniite mtu."

Binti akatoa kwenye mkoba viatu vya rangi ya dhahabu, vyenye ncha mbele, kisigino kama inchi mbili. "Fundi, vitanue hivi kidogo. Melini kuna jioni mbili za mavazi rasmi. Wanaume suti, wanawake magauni. Bosi wangu na mkewe wamo meli hiyohiyo. Siwezi kumwingiza mama ukumbini na yale makubadhi yake ya kuendea sokoni."

Nikavipima kwa macho. "Dada, hivi ni namba thelathini na tisa. Mama anavaa arobaini na moja, tena pana."

"Ndiyo maana nimevileta kwako."

"Miguu ya mama haihisi kitu. Kiatu kikimbana hatajua."

"Vaa, mama, fundi aone." Akamvalisha palepale kwenye benchi, anasukuma kisigino kwa kiganja. "Vinaumiza?"

"Sihisi kitu, mwanangu," Bibi Pasi akasema.

"Umesikia mwenyewe? Haviumizi."

Nikaomba nione hiyo karatasi ya mavazi, maana alikuwa ameishika mkononi kama hati ya nyumba. Nikaisoma yote. Iliandikwa gauni refu au nguo nadhifu ya jioni, na kwamba ndala za kuogelea haziruhusiwi ukumbini. Basi! Habari ya dhahabu haikuwamo, wala ya ncha, wala ya kisigino. Nikamwonyesha mstari kwa kidole. Akaninyang'anya karatasi yake.

"Fundi, wewe tanua viatu. Mambo ya meli niachie mimi. Kama huwezi, nampelekea yule wa kule stendi."

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Ningemwambia apeleke huko stendi na niutangazie mtaa mzima kwa nini nimekataa. Badala yake nikaona haya kubishana na binti mbele ya mama yake, nikavichukua. Nikavitia kalibu ya mbao ya kutanulia, nikapaka spiriti, nikaviacha siku mbili. Viatu vile vilikuwa vya ngozi ya bandia, na ngozi ya bandia haitanuki. Nalijua hilo tangu najifunza kushika nyundo. Aliporudi nikamkabidhi, nikasema, "Vimeachia kidogo." Havikuwa vimeachia hata kidogo. Nilisema hivyo ili aondoke.

Wakaenda watatu: mama, binti na mume wa binti. Jioni rasmi ya kwanza ilikuwa siku ya pili. Mkwe alijikaba kwa tai ya kipepeo, binti akabadili nguo mara tatu mbele ya kioo, na Bibi Pasi akavalishwa gauni la buluu lililomfika chini. Akaulizia makubadhi yake. Binti akajibu kwamba ameyatoa kwenye begi na kuyaacha nyumbani, ili mama asishawishike. Mnasikia? Asishawishike! Kama vile kutembea salama ni tabia mbaya anayotakiwa kuachishwa.

Akampigia magoti, akamvalisha viatu vya dhahabu kwa kijiko cha kuvalia, akauliza tena kama vinabana, akajibiwa vilevile: sihisi kitu, mwanangu. Wakatembea mpaka ukumbini, wakala, kisha wakapanga foleni kwenye ngazi za kupigia picha. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu kila familia ilitaka ngazi ileile. Bibi Pasi alisimama humo karibu saa nzima. Alikuwa hodari wa kusimama. Miaka thelathini na moja si mchezo.

Siku ya tatu asubuhi mwanamke anayesafisha vyumba akamwita binti kando. Alikuta damu kwenye taulo la kukanyagia bafuni.

"Dada, nadhani mama ameumia mguu. Chini kule tuna zahanati, nikuitie nesi?"

"Ni rangi ya kucha hiyo," binti akasema.

Bibi Pasi alikuwa hata hajapaka rangi ya kucha. Binti alijua, maana akaingia ndani akamtazama mama yake mguu wa kulia, akaliona lengelenge limepasuka ubavuni mwa kidole kikubwa, nyama nyekundu. Akabandika plasta. Mama akauliza kuna nini, akaambiwa mchubuko tu. Kioo chake cha mkono kilikuwa nyumbani pia, ndani ya begi jingine pamoja na makubadhi.

Siku tatu zilizofuata alipanda kwenye sitaha kwa ndala za sponji, akatazama maji yake. Ananiambia zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi. Nikikumbuka anavyolisema hilo, bado anatabasamu, naiweka sindano chini.

Siku ya sita, jioni ya pili. Mguu ulikuwa umevimba na plasta imelowa. Mkwe aliuona wakati mkewe anabadilisha plasta.

"Mke wangu, huu si mchubuko. Tumpeleke zahanati sasa hivi."

"Leo? Bosi ametualika mezani kwake leo! Kesho asubuhi na mapema, naapa."

"Basi avae zile ndala."

"Na gauni lile? Unataka tuchekwe?"

Na mkwe? Mwanamume mzima, kipepeo shingoni, akageukia ukuta akafunga vifungo vya mikono ya shati. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na aliposimulia hakuweza kunitazama usoni. Nami sikumsaidia. Binti akapaka mguu poda ili uteleze, akausukuma mguu uliovimba ndani ya kiatu ambacho haukuweza kuenea hata ulipokuwa mzima. Mama hakuguna. Angegunaje?

Jioni hiyo ndipo mlipopata ile picha ya ngazini kwenye kundi letu la simu. Nanyi mkashangilia! Mkatuma makofi na mioyo. Mkaandika "mama anameremeta", mkaandika "binti wa kuigwa huyu". Nami nilituma makofi, msidhani nawasema ninyi peke yenu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kushuka, na pilikapilika za mabegi zikaimeza zahanati. Walipofika nyumbani alikuwa anatetemeka kwa homa. Binti akasema ni uchovu wa safari, alale apumzike. Jumamosi sikumwona kwenye benchi. Jumamosi ya pili nikafunga kibanda saa tatu asubuhi nikaenda kumwulizia, nikakuta mlango una kufuli na jirani akaniambia amekimbizwa hospitali tangu Alhamisi. Madaktari walijaribu vidole kwanza, wakakata viwili. Kidonda kilikuwa kimeshapanda. Siku nne baadaye wakaukata mguu wa kulia chini ya goti.

Binti alinijia kibandani kabla mama hajatoka wodini. Akavibwaga vile viatu mezani kwangu mpaka misumari ikaruka.

"Uliniambia umevitanua! Umemkata mama yangu mguu!"

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Hilo ni langu na nitakwenda nalo. Lakini ile damu ya bafuni, mumeo ameshanisimulia, nani alisema ni rangi ya kucha?"

"Alisema haumii! Nilimwuliza kila mara! Kila mara, fundi!"

"Hakusema haumii. Alisema hahisi. Na ulijua kwa nini hahisi, dada, maana kliniki ulikuwa unampeleka wewe."

Akakaa kwenye benchi, mahali palepale pa mama yake, akalia.

Mama aliporuhusiwa nilikwenda kumwona nyumbani. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani. Ukutani, juu ya televisheni, wametundika picha ya meli katika fremu kubwa: mkwe, binti, na Bibi Pasi katikati, ngazi zinang'aa nyuma yao. Nilisogea karibu. Nikainama. Nilikuwa natafuta kitu.

"Unatazama nini, fundi?" binti akauliza.

"Natafuta viatu."

Binti akaja akasimama kando yangu, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama picha ile kuanzia magotini kwenda chini. Gauni la buluu lilifika mpaka sakafuni na kulala juu ya zulia. Haukuonekana unyayo, wala ncha, wala hata punje ya dhahabu. Angeweza kuwa amevaa makubadhi yangu. Angeweza kuwa peku! Wala bosi, wala mke wa bosi, wala sisi tuliotuma makofi, hakuna aliyeviona viatu vile.

Binti akaishusha picha ukutani kwa mikono miwili, akaigeuza, akaiegemeza chini. Kisha akatoka nje.

Bibi Pasi akaniita kwa mkono. "Fundi, kile kipande cha boksi ulichochorea nyayo zangu bado unacho?"

"Kipo, mama."

"Basi nishonee. Kama mwanzo, ngozi ileile." Akaushika mkono wangu. "Cha kushoto tu."

Nimekishona. Kiko tayari tangu juzi na sijapata nguvu ya kumpelekea.

FUNZO

Wenzangu, sisemi watu wasipendeze. Vaeni suti, vaeni magauni, pandeni meli, wazazi wetu wanastahili. Nisemacho ni kwamba mzazi si pambo la kuonyesha kwa bosi wako. Ukimvika, mvike kwa ajili yake, na mwili wake ndio ukwambie kipi kinamfaa, si macho ya watu wa meza ya pili. Mzee asiyelalamika usimchukulie kwamba hana neno. Wengine wameshindwa kuhisi, wengine wanahisi na wanameza kwa sababu wanakupenda na hawataki kukuharibia siku.

Na sisi tunaosimama pembeni tukijua, mafundi, wakwe, majirani, haya zetu na makofi yetu vimo ndani ya mguu ule uliokatwa. Ukijua kitu kitaumiza mtu, kiseme hapohapo na ukubali kuchukiwa. Mimi nilitaka tu mteja aondoke kwa amani.

Leo mkirudi nyumbani, kabla hamjamwambia mama akae vizuri mumpige picha, mvueni viatu, mgeuzeni nyayo, mtazame. Kama kuna mmoja wenu atakayeniletea kiatu kidogo nikitanue kwa ajili ya mguu mkubwa, aje na huo mguu wenyewe, na ajue kwamba jibu langu litasikika mtaa mzima, si kwenye duka la dawa tu.